Sauti ya Kule Juu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekabidhiwa kibao. Upande mmoja chekundu, SIMAMA. Upande wa pili kijani, PITA. Kizito kuliko kinavyoonekana! Na redio ya mkononi, na koti la njano ambalo tungeweza kulivaa watu wawili kwa pamoja.

Lami ya zamani inakwanguliwa nusu nusu. Nusu inayobaki ndiyo inapitika — mlima huku, ziwa kule, hakuna pa kukwepea. Basi magari yanapita kwa zamu. Mimi nayazuia huku chini, penye daraja. Mwenzangu anayazuia kule juu, nyuma ya kona ya mwamba. Simwoni, hanioni. Msimamizi hana muda wa majina: wewe Chini, yeye Juu, kazi iendelee.

Dada amecheka hadi akashika mlango. Eti mdogo wake kapata cheo, mabasi yatamwogopa.

Huyo Juu ana sauti nzito, ya taratibu. Kama mtu anayemimina maji kwenye chupa ya mdomo mwembamba na hataki kumwaga tone.

Alhamisi, 6 Machi

Ukungu. Ziwa halionekani, linasikika tu.

Dereva wa basi la bluu amenitukana kwa kumchelewesha. Nikamgeuzia upande wa PITA. Muda si mrefu, redio: "Chini, Juu hapa. Huyo wa bluu amefika, bado amenuna. Nimemsimamisha kidogo apumzishe hasira." Nikacheka peke yangu mbele ya foleni nzima! Mwenye pikipiki akaniuliza kama niko salama.

Msimamizi akaingilia: redio ni ya magari, si ya vichekesho.

Jumanne, 18 Machi

Mvua tangu alfajiri. Redio zimelowa, zimezima. Tumetumia fimbo: dereva wa mwisho anapewa fimbo nyekundu, akifika upande wa pili anaikabidhi, ndipo ujue njia ni tupu.

Safari ya pili fimbo ilikuja imefungwa glavu. Mpya! Juzi nilisema, kwa kugusia tu, kwamba mpini wa kibao umenitoa malengelenge. Kumbe alisikia. Safari iliyofuata nikamfungia peremende za kifua, maana kile kikohozi chake nakijua sasa kama mlio wa mlango wetu. Dereva wa lori la kokoto akapokea fimbo, akaitazama, akanitazama. "Mama, niambie ukweli, hapa nabeba kokoto au posa?"

Nilimwambia aondoe gari. Uso ulikuwa wa moto, na mvua yote ile.

Nimevaa glavu hadi nyumbani. Dada ameziona. Akazianika karibu na jiko, moja moja.

Jumamosi, 29 Machi

Tabaka la kwanza la lami limetandazwa upande wa ziwa. Moshi wake ukachanganyika na ukungu, hujui kipi ni kipi.

Msimamizi alikwenda mjini. Tukaongea, mimi na Juu. Mke wake alifariki zamani, hawakujaliwa mtoto. Akasema nyumbani kwake kuna viti vinne, anakalia kimoja, na kila Jumapili anavifuta vyote vinne. Ningemwambia nini? Kwamba nilitamani kuvifuta hivyo vitatu?

Halafu akaniomba namba ya simu. Hivi hivi, kwenye redio, na dereva wa greda la kusawazisha barabara anasikia, na wa mashine ya kushindilia anasikia!

Nikamjibu: "Huko kwako yamebaki magari mangapi?"

Akajibu: "Kama kumi hivi, Chini."

Nimesingizia aibu. Si aibu. Yule aliyenioa aliondoka kutafuta maisha, akawa anapiga simu kila siku. Kisha kila wiki. Kisha sikukuu kwa sikukuu. Kisha siku moja nikapiga mimi, akapokea mwanamke, akaniuliza mimi ni nani. Nikiwa na namba ya mtu, nitarudi kulala na simu kifuani. Redio ni afadhali — ukiiita, mtu yuko palepale, hana pa kwenda, ameshika kibao.

Lakini ile "kama kumi hivi" aliisema kwa sauti ya mtu aliyevua kofia.

Jumatano, 9 Aprili

Tabaka la juu limekwisha pande zote. Kingo za chuma zimesimama upande wa ziwa. Sasa wanapiga mistari, myeupe kama maziwa. Barabara imekuwa pana, nzuri — naichukia!

Haombi tena namba. Asubuhi ananiuliza nimeamkaje, jioni ananiambia nishuke salama. Katikati, magari tu. Mimi ndiye niliyefunga mlango, na mimi ndiye ninayesimama nje kubisha.

Dada ameuliza Juu ana sura gani. Sijui. Mrefu? Sijui. Akashika kiuno: mapenzi ya gizani haya, tena mchana kweupe! Kisha akakaa kitandani kwangu, akasema polepole, "Na redio wakiichukua, mdogo wangu, utamwita kwa kitu gani?"

Nimeamua. Vizuizi vinaondolewa Jumamosi. Siku hiyo nitaitaja namba yangu redioni, tarakimu moja moja, na anayetaka kusikia asikie. Nimeifanyia mazoezi nikiosha vyombo.

Ijumaa, 11 Aprili

Wamefungua leo. Leo!

Kuna mkubwa alikuwa anapita. Msimamizi akaja mbio na pikapu: pande zote ruhusa, lete kibao, lete redio. Nikageuka, nikabonyeza. Juu, Chini hapa. Juu. Kimya. Msimamizi akasema ya Juu ameshaikusanya, iko kwenye kiti cha mbele. Nikaiona. Inatoa sauti yangu.

Dada ameniwekea chakula. Sikukigusa.

Jumamosi, 12 Aprili

Naandikia hapa, kule juu. Nyuma ya kona ya mwamba!

Asubuhi nilivaa gauni la kijani, nikaomba lifti kwenye gari la maji la kambi. Dada alinifunga vifungo vya mgongoni. Njiani nikashangaa palivyo karibu — wimbo mmoja kwenye redio ya gari haukuisha. Kwenye kona tukapishana na lori la kokoto likishuka. Dereva akapiga honi, akapunga mkono kama mtu anayezama. Nikampungia. Nilidhani ni salamu!

Hapa nimemkuta wa greda peke yake, anafunga greda lake kwa minyororo kwenye trela. Nikamuuliza yuko wapi mtu wa kibao. Akainua kichwa kabla sijamaliza. "Lo! Wewe ndiye Chini. Sauti hii hii." Akashika kichwa. "Ameshuka. Sasa hivi tu, na lori la kokoto. Amenyoa ndevu, shati amepiga pasi. Amekufuata wewe!"

Wiki zote hizo hakuna gari lililoweza kupishana na jingine hapa. Leo tumepishana kwa mwendo wa kawaida, kila mtu upande wake wa mstari.

Nilitaka kukimbia. Viatu nimeshavishika mkononi. Wa greda akanizuia: nikishuka, naye akipanda, tutakesha tukipishana. Dereva ameniona, atamwambia, watageuza. Nitulie.

Na kama dereva hakumwambia? Kama Juu amenikosa darajani, akapanda basi la kwenda kwao?

Nimekaa juu ya jiwe. Nimevaa viatu, nimevua, nimevaa. Magari yanapita pande zote, hakuna linalosimama. Zamani yote yalisimama, hata nisiyoyataka.

Wa greda amesema kitu. Ananionyesha chini.

Lori la kokoto linapanda. Kioo kinang'aa, siwezi kuona kama mbele wako wawili au mmoja. Linapunguza mwendo — au ni kona tu.