Baba, Kura Ile Sikupiga

Kwako Baba,

Nakuandikia kutoka Guangzhou, nimekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya karakana ya jinzi hapa Xintang, nikisubiri mafundi wamalize kutia vifungo. Hukupata kuiona kazi yangu hii ya kununua nguo Uchina na kuziuza Tanga. Ulifariki mwaka mmoja kabla sijaianza. Lakini barua hii si ya biashara. Ni ya kura.

Unaikumbuka amri yako? Uwe uchaguzi wa mwenyekiti wa mtaa, uwe wa rais, nyumbani kwetu kupiga kura ilikuwa lazima. Ulisimama mlangoni na kanzu yako ya Ijumaa ukisema, "Asiye na wino kidoleni leo hali chakula changu." Kaka zangu walitangulia. Mimi, mwaka ule nina miaka kumi na tisa, nilitoka nimenuna, kwa sababu sikuona mgombea hata mmoja aliyestahili nisimame juani kwa ajili yake.

Baba, sikufika kituoni. Nilikata kona nikaingia kwa rafiki yangu Zuhura, tukapasua kalamu, nikajipaka wino kidole kidogo. Mchana ulivikagua vidole vyetu kimoja kimoja. Changu ulikishika muda mrefu kidogo kuliko vya wenzangu. Kisha ukanipakulia wali, ukanichagulia kipande cha nguru chenye mnofu mwingi. "Kula, mwanangu." Nikala huku nikijiona mjanja.

Uchaguzi uliofuata hukusimama mlangoni. Ulichungulia tu chumbani kwangu, ukasema, "Mie nakwenda," ukatoka na mkongojo wako. Sikukufuata. Nilidhani umezeeka, umechoka kuamuru. Uliporudi tulikula pamoja, wala hukunitazama mkono.

Baada ya arobaini yako ndipo Mama aliponiambia. "Baba yako alijua siku ileile. Uliponawa, maji ya beseni yaligeuka buluu." Nikamuuliza mbona hukunikaripia. Akanijibu kwamba ulimwambia hivi: "Kosa langu. Nimemfundisha kuogopa njaa, kura sikumfundisha."

Maneno hayo nimekaa nayo miaka, sijamwambia mtu. Juzi yakanitoka. Tulikuwa tunakula mchana katika mgahawa karibu na Barabara ya Zhanqian, pale tunaponunua nguo za jumla. Baraka, kijana wa Dodoma anayesomea sheria hapa, alikuwa akishikilia kwamba kura iwe lazima kisheria, kuanzia mtaa hadi taifa.

"Asiyepiga atozwe faini," alisema. "La sivyo wachache wanachagua, sote tunatawaliwa."

Mama Espérance, mfanyabiashara wa Lubumbashi, akaweka kijiko chini, akajibu kwa Kiswahili chake cha Kongo chenye Kifaransa ndani. "Weye unilazimishe, nitaenda, mais nitatumbukiza karatasi mweupe, bila alama. Utanifanya nini?"

Wakanigeukia. "Dada Mwanaidi, wewe wasemaje?"

Nikawasimulia yote, tangu kalamu ya Zuhura hadi maneno yako. Hakuna aliyecheka. Baraka akauliza taratibu, "Kwa hiyo mzee alikosea?"

Nilishindwa kusema ndiyo. Kaka zangu walikwenda kwa amri yako, na Kaka Hamisi mpaka leo hakosi mkutano wa mtaa. Kwangu mimi amri ilizaa uongo. Nikamwambia Baraka kwamba kilichonigusa, tena kwa kuchelewa sana, ni asubuhi ile uliyokwenda peke yako na mguu unakuuma, bila kumsukuma mtu. Akasema bado anaitaka sheria yake. Mama Espérance akamwongezea mchuzi.

Uchaguzi wa mtaa wetu ni wiki ijayo. Nimebadilisha tiketi. Laobani, ndivyo tunavyowaita wenye maduka na viwanda huku, alishangaa kusikia sitasubiri mzigo wote. Utakaobaki atamkabidhi wakala wa kontena. Nina miaka arobaini na mbili na hii itakuwa kura yangu ya kwanza. Naona haya kidogo, na hamu ninayo.

Leo asubuhi nimempigia mjukuu wako Rehema, aliyetimiza miaka kumi na minane juzijuzi. Nikamwambia nitampa kura mama mmoja mgombea anayetaka mitaro izibuliwe. Akaniruka: "Huyo? Mama, mwaka mzima hatujamwona mtaani! Mie nampa mwalimu wa shule ya jirani." Tumebishana mpaka simu ikakaribia kuzima. Yeye ana hoja, mimi nina hoja, hakuna aliyekubali kushuka. Mwisho akasema, "Basi twende pamoja, kila mtu na lake."

Nimecheka peke yangu hapa, mafundi wakinishangaa. Sikujua mtu anaweza kufurahi hivi kwa kupingwa na mwanawe. Nisamehe uongo wangu, Baba. Mungu akupe nuru kaburini. Laiti ungekuwepo umsikie mtoto huyu anavyobisha. Najua ungevuta kiti ukae katikati yetu.

Ni mimi mwanao,
binti yako wa pekee