Kompyuta ya Mama Akello

Kaka Salimu,

Mimi mzima, Tanga mwaonaje? Mvua ya huku Kibuli imenifungia kwa mama Akello, askari mstaafu anayenifundisha sataranji. Nilimwambia kompyuta yake hunishinda kwa kuwa imekariri hatua za mwanzo tu, kama unavyosema wewe. Alizichanganya kete za mstari wa nyuma kwenye kompyuta, ukawa mpangilio ambao haumo katika kitabu chochote, akasema, "Sasa cheza na hii. Hapa hakuna ya kukariri."

Ikanishinda upesi zaidi. Aliyekariri nilikuwa mimi, kaka, miaka yote hiyo.

Nimeahirisha safari ya kurudi. Kila asubuhi tunacheza hivyo, na jana nilitoka sare na mama Akello. Siondoki kabla sijamfunga.

Nibusie wanao.

Dada yako, Mwanaisha