Forge: Neno Lililokuchukua, Papa

Papa wangu,

Tangu tukuzike nilikuwa nauepuka ule mtaa wa Rosettenville, huku ukimbizini kwetu, lilipo geti la mwisho ulilotengeneza. Jumapili nilijikaza, nikapita. Wenye nyumba wamelipaka rangi nyeusi, lakini maua ya chuma uliyoyapinda kwa moto yanaonekana vizuri. Nilisimama hapo mpaka mbwa wao akaanza kubweka.

Mafundi wenzako walikuwa wananunua maua ya kiwandani na kuyachomelea tu. Wewe hukutaka. Uliwasha mkaa nyuma ya nyumba kama ulivyofanya Bukavu, ukagonga chuma hadi majirani wakaja juu, na mimi nikawa mkalimani wa ugomvi. "Uwaambie mimi si soudeur, mutu wa kuchomelea tu," ulisema ukicheka. "Mimi njo forgeron. Muhunzi." Siku mteja wako, yule mzee Mreno, alipokuambia kwamba kwa Kiingereza nako kazi hiyo huitwa forge, kama kwa Kifaransa, ulifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Kiingereza chako kilikuwa cha kuokoteza, lakini neno hilo ulilishika.

Siku walipokuchukua nilikuwa dukani Mayfair. Aliyenisimulia ni Papa Jean, mliyekuwa mnafanya naye kazi. Mlikuwa mmemaliza kulisimamisha geti hilo. Polisi wakapita wakikagua hati za wageni. Mmoja akaishika hati yako ya ukimbizi, akaigeuza huku na huku, akainyanyua mbele ya geti na kukuuliza, "You forge this?"

Wewe ukadhani anaulizia geti.

"Yes, boss! I forge. Me!" Papa Jean anasema ulijipiga kifua. Walikufunga pingu ukiwa bado unatabasamu.

Nilipofika kituoni ulikuwa umekaa nyuma ya nondo, mikono yako ina masizi bado. "Furaha," ukaniambia, "mutu aliniuliza kazi yangu, nikamujibu. Kosa ni gani?"

Ilibidi nikueleze. "Papa, lile neno lina maana nyingine. Ni kughushi."

"Kughushi njo nini?"

"Kutengeneza karatasi ya uongo."

Ukaitazama mikono yako, ukaificha katikati ya magoti. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, Papa. Sijawahi kukuona ukiificha mikono yako.

Nilimweleza ofisa wa mapokezi, nikarudia, nikalia. Akanijibu bila ukali wowote, "Dada, baba yako amekiri mwenyewe." Wakakuhamishia mahabusu ya mbali. Kile kikohozi chako cha moshi kikageuka homa ya mapafu, na walipokupeleka hospitali ulikuwa huwezi tena kusema. Nilikushika mkono. Sijui kama ulinisikia.

Baada ya mazishi ofisi ya wakimbizi ilithibitisha kwamba hati yako ilikuwa halali. Walitupa pole. Mama aliishika ile hati, akauliza, "Sasa hii tuipeleke wapi?"

Nilitafuta mtu wa kumkasirikia, nikaishia kufungua kamusi. Waingereza walilipata neno hilo kwa Wafaransa, na Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini, ambako lilikuwa karakana tu, mahali fundi anapofanyia kazi. Baadaye likawa kufua chuma. Kisha likawa kuunda kitu chochote, na mwishowe kuunda kitu cha uongo ili kionekane cha kweli. Hata Kifaransa ulichosomea kinabeba maana zote hizo, ila wewe ulijua ile uliyoifanyia kazi. Na polisi yule naye, nadhani, alijua ile aliyoifanyia kazi yake. Nimejaribu kumsamehe kwa hilo. Bado sijaweza.

Nyumbani tunaendelea. Mama haongei sana. Watu wakiniuliza ulikufa kwa nini, nasema mapafu, kwa sababu sina nguvu ya kusimulia yote haya kila mara.

Papa Jean amekutengenezea msalaba wa chuma. Hakununua hata kipande. Aliupinda kwa moto, ingawa hajui kama wewe, na mkono mmoja wa msalaba umekaa upande kidogo. Aliniuliza tuandike nini. Tumeandika jina lako, na chini yake, kwa Kiswahili, *mhunzi*.

Lala, Papa. Hakuna tena wa kukuhoji.

Mimi, kifungua mimba wako,
Furaha