Neno Lenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Madaktari wanafunzi kumi na wawili leo. Somo: kumpa ndugu habari ya msiba. Nimewaambia yale yale ya kila mwaka — vuta kiti, zima simu, sema neno lenyewe, kisha funga mdomo uhesabu mpaka kumi. Wameandika kila kitu, hata kikohozi changu nadhani.

Ikaja zamu ya yule mrefu, ninayemwita Mlingoti. Mbele yake Mama Kilio, fundi cherehani mstaafu anayetuigizia ndugu wa wagonjwa. Machozi yake hayahitaji kubembelezwa. Mlingoti kajikaza weee, kisha kasema mzee amepumzika. Mama Kilio akashusha pumzi: afadhali, baba wa watu hajapata usingizi siku tatu, basi asiamshwe, atarudi jioni na nguo safi. Darasa zima likaangua kicheko!

Nikamkalia kooni. "Amepumzika" ni neno la kujificha, nikamwambia. Sema amefariki. Unayemwonea huruma hapo ni nani, yeye au wewe?

Maneno mazuri. Nimerudi nyumbani nikayasema tena mbele ya kioo. Hayakunipendeza.

Jumatano, 5 Machi

Dada kapiga. Mama anakuja kwangu Jumamosi, na safari hii lazima aambiwe.

Miezi miwili sasa tunamdanganya kwamba mdogo wetu, kitindamimba wake, yuko kwenye kambi ya kazi huko ng'ambo na mtandao haushiki. Alizikwa huko huko. Tulishuhudia kwa simu, dada kwake na mimi kwangu, picha inagandaganda. Mama ndiyo kwanza alikuwa katoka hospitali, moyo. Tukasema apate nafuu kwanza. Nafuu kaipata zamani. Wagonjwa ni sisi.

"Wewe si ndiyo kazi yako?" dada kasema, akakata.

Sina wa kulia naye. Ofisini hawajui. Karani kaniuliza mbona nakonda, nikasema mazoezi. Mazoezi! Mimi ninayepanda lifti kwenda ghorofa ya kwanza.

Ijumaa, 7 Machi

Mlingoti karudia mtihani wake. Kavuta kiti. "Mama, mumeo amefariki." Kanyamaza. Mama Kilio kalia mpaka nikasahau kwamba anaigiza. Nimekimbilia chooni, nikafungua bomba nilie bila kusikika.

Nikamkuta Mlingoti mlangoni ananisubiri, anataka kujua kakosea wapi. Hukukosea popote, nikamwambia. Nilitamani kumwomba tuongozane nyumbani kesho. Nikamtakia wikiendi njema.

Jumamosi, 8 Machi

Mama kafika. Kapungua, kanzu inampwaya. Begi zima ni nyuzi — anamfumia mdogo wangu sweta, imebaki mikono. Kafurahi kuniona, kasema nyumba yangu kimya mno, naishije humu?

Leo sikuweza. Kachoka na safari. Haya, niliyechoka ni mimi.

Jumapili, 9 Machi

Nimefanya kila kitu. Nilivuta kiti, magoti yetu yakakaribia kugusana. Nikazima simu. Nikasema, Mama, nina habari za mdogo wangu. Akaweka sindano mapajani, uso ukamng'aa! Huo uso ndio ulionimaliza. Neno lilishafika kwenye meno. Na mimi, mwalimu wa miaka kumi na mmoja, nikasema:

"Mama, amepumzika."

"Afadhali mwanangu," akasema. "Kazi zile zingekuja kumuua."

Akaokota sindano zake. Nikahesabu mpaka kumi. Nikahesabu mpaka ishirini. Naye anahesabu mishono.

Nimekimbilia jikoni na daftari hili, eti natengeneza chai. Birika limechemka hadi maji yamekauka. Mama anaita kutoka sebuleni: mdogo wangu akiamka nimwulize urefu wa mikono, asije akafuma ikampungukia. Nakuja Mama, nimejibu. Mara ya tatu sasa najibu nakuja.

Nimelijaribu neno kwa sauti ndogo, mbele ya birika. Amefariki. Limetoka zima.

Ananiita tena, safari hii kwa jina langu la utotoni. Nachungulia mlangoni. Kaishika sweta kwa mabega, anaipima hewani. Kiti changu bado kiko pale pale, kinatazamana na chake. Nakwenda —