Alama Mbili za Kuuliza

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu, wewe na wifi na watoto. Mama hajambo, goti linamsumbua, ila ulimi ni mzima kabisa. Mimi ni mzima wa mwili.

Bado niko studio, nachapa maneno ya waigizaji wa michezo ya redio. Juzi mwigizaji mkongwe tunayemwita Zege alinijia juu. Nilisahau alama ya kuuliza, na mume aliyepaswa kumuuliza mkewe, "Unaondoka?", akasikika akimfukuza: "Unaondoka." Zege alisema yeye husoma kilichoandikwa, hasomi moyo wangu. Wenzangu walicheka. Mimi nilikwenda chooni kulia.

Kaka, kuna jambo nimekuficha mwaka mzima. Unaikumbuka ile barua ya baba, iliyokufikia miezi mitatu kabla hajafariki? Macho yake yalikuwa yamekwisha, akaniomba nimwandikie. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akasema polepole, "Mwanangu, umenisahau? Hutarudi?" Sauti ilipanda mwishoni, kama ya mtu anayebisha hodi. Nikangoja mengine. Akasema inatosha, ukisoma utaelewa.

Nilikuwa na hasira nawe. Mligombana, ukaondoka, ukaniachia mgonjwa. Mimi namwogesha, namlisha, na jina linalomtoka mdomoni ni lako. Basi nikaandika, "Mwanangu, umenisahau. Hutarudi." Nukta mbili. Sikusahau, kaka. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nilijua fika utakavyoisikia. Aliponiambia nimsomee, nilipandisha sauti kama yeye. Akatabasamu, akatia sahihi ya dole gumba mwishoni mwa barua.

Kila mlango ulipogongwa aliuliza kama ni wewe. Nilikuwa na siku tisini za kukuandikia tena. Sikuandika.

Msibani nilikusikia ukimwambia mjomba kwamba baba alikukana kwa maandishi. Nilikuwa nyuma yako na sinia la vikombe, nikapita.

Hakukukana. Alikuwa anakuita.

Sikuombi msamaha kwa sasa. Naona aibu hata kuuandika. Mama nitamwambia mwenyewe Jumapili, kabla hujapata barua hii, asije akasikia kwa mtu mwingine. Ukinyamaza, nitaelewa. Ukipiga simu kunitukana, nitapokea.

Wabusu watoto. Wifi mwambie namkumbuka.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba