Joackim na Namba za Malori

Dainess, nimecheka mpaka machozi! Joackim wetu nusura apigwe Makambako leo.

Alikwenda kujaribu lenzi ya mtumba kabla hajainunua. Jumamosi anapiga picha za harusi ya Judith, na unajua kanisani kwetu kulivyo na giza. Anataka lenzi ambayo hata akiifungua mpaka mwisho ili iingize mwanga, picha inatoka kali. Akaona herufi ndogo ndizo zitamwambia ukweli, akaanza kupiga picha namba za malori yaliyoegeshwa!

Namba za malori, Dainess! Madereva wakamzingira: "Nani kakutuma, trafiki?"

Akajieleza kwamba anajaribu lenzi tu kabla ya kuinunua, akawapa kamera waone picha. Ukungu mtupu, kama asubuhi ya Njombe! Hakuna namba hata moja iliyosomeka.

Dereva mmoja akamrudishia kamera, akampigapiga begani: "Kaka, nunua hiyohiyo."