Maman Zawadi, Kofia Bado Sijaivaa

Maman Zawadi,

Tulikuzika mwezi wa pili na theluji inaanguka. Ulituahidi kwamba utakufa wakati wa joto ili tusiteseke makaburini. Umetudanganya, Maman, na mafua yale yalinikaa mpaka Pasaka.

Nakuandikia kwa sababu kanisa lako lilikaribia kunifia mikononi. Ulilianza na wamama watatu wa Bukavu na ngoma moja, katika ghala lile la Anderlecht linalonuka matairi, wakati hapa Brussels hatukuwa na pa kumwimbia Mungu kwa Kiswahili. Ukalijaza kwa ujanja wako. Mgeni akifika kutoka Kivu anatetemeka, ulifungua valise, lile sanduku lako la nguo, na kumpa koti la kijani, basi. Mimi ulinifunga vifungo mwenyewe mpaka shingoni: "Gants iko ku kanisa, mwanangu. Ukuye dimanche." Jumapili nikapata glavu. Skafu ikangoja Jumapili iliyofuata, na kufikia hapo nilishakuwa nabeba viti na kuitwa ndugu. Ni yule kijana Mwislamu wa Bujumbura tu uliyempa vyote siku moja, ukisema yeye ana msikiti wake unaomngoja.

Kofia ulininyima. "Kofia ni ya benye kuimba." Na sauti yangu unaijua. Kwa hiyo miaka yote hii naenda kufagia hospitali kule Jette huku nashikashika masikio nijue kama bado yapo.

Ulipoondoka, watu wakaanza kupungua. Valise wakanikabidhi mimi, maana hakuna mwingine aliyeitaka. Mwezi wa kumi akaja Espérance, binti wa Uvira, amevaa kandambili juu ya soksi. Moyo ukanishinda. Nikampa vyote palepale: koti, glavu, skafu, hata kofia, ile uliyokuwa ukiivaa mwenyewe.

Jumapili hakuja. Wala iliyofuata. Papa Josué, shemasi wako, akasimama katikati ya viti vitupu: "Donc umetoa yote? Hata kofia? Sasa atarudia nini, hein?" Akasema hali ikiendelea hivi, Noeli ikipita tutarudisha funguo za ghala. Nililia chooni, Maman. Niliona nimekuzika mara ya pili.

Jana, katikati ya mahubiri, mlango ukafunguka. Akaingia kijana mrefu amevaa koti la kijani, mikono ya koti imeishia karibu na viwiko. Akafuata mama mmoja na skafu. Kisha mzee mwenye glavu, viganja amevitanguliza mbele watu wavione. Mwisho Espérance na kofia. Wanaishi naye katika kituo kimoja cha wakimbizi. "Tonton, ulinipatia mingi, na benzangu balikuwa na baridi," akaniambia. "Tulikuwa tunangoja tukuye wote."

Papa Josué akapoteza mahubiri yake kabisa. Yule mzee akainua glavu moja akauliza, kwa heshima zote, koti linatolewa lini. Papa Josué hakufikiri hata kidogo. "Dimanche!" akapiga kelele. "Dimanche ijayo!" Tulicheka mpaka mpiga ngoma akaangusha ngoma. Ni mara ya kwanza tumecheka mle ndani tangu uondoke, na nilikukumbuka mno.

Wakati wa kutoka, Espérance akanirudishia kofia. Alisema ameyaona masikio yangu. Ipo hapa mezani ninapoandika, na bado ina harufu ya mafuta yako ya nywele. Sijaivaa. Sharti ni sharti.

Nakuahidi hivi: Jumapili nitasimama na kwaya, mstari wa nyuma, karibu na ngoma. Nitaimba mwanzo mpaka mwisho, hata wageni wakimbie tena. Halafu nitaivaa.

Lala salama, Maman. Ukisikia sauti mbaya huko juu, usiulize ni nani. Ni mimi, nimekuja kuchukua kofia yangu.

Mwanao,
Safari